Usiwapeleke mwewe hao Upemba, watafutie wenzao

Yaya, nimesoma swali lako vizuri. Mkaratusi ulikatwa huko mtaa wa Golf mwezi wa kumi, vifaranga wawili wa mwewe wakaanguka pamoja na kiota, ukawalea, na sasa wamekua wanarukaruka kizimbani. Majirani wanakushauri uwapeleke Upemba kwa kuwa huko wanyama wanalindwa. Juu ya hayo, juzi umeletewa mbayuwayu walioangushwa na mvua ya mawe. Mimi na ndugu wachache tumelea ndege wa namna hii hapa Lubumbashi kwa miaka mingi, basi acha nikueleze tunavyochagua mahali pa kuwaachia.

Upemba ni hifadhi ya zamani, tangu 1939, nami naipenda sana. Ila kwa mwewe wako haifai. Barabara ya huko wakati wa kifuku, yaani majira ya mvua, unaijua. Ndege aliyefungiwa sandukuni kwa joto na mtikisiko anafika amechoka, manyoya ya mkia yamevunjika, kisha anafunguliwa peke yake mahali asipopajua. Mwewe wako ni ndege wa safari, yaani wa kuhama kila mwaka, na ndege wa namna hiyo anahitaji wenzake wa aina yake, chakula ambacho hata asiye na ujuzi anaweza kukipata, na majuma ya kutosha kabla wenzake hawajaondoka. Akikosa hayo, atakufa njaa ndani ya hifadhi nzuri kuliko zote.

Mwewe hawa ni wale wenye mdomo wa njano. Usishangae kwamba wa kwako bado ni mweusi, utageuka wakikomaa. Wanatufikia karibu na mwezi wa nane, wanataga kiangazi kikielekea mwisho, na ikifika mwezi wa tatu wengi wameshaelekea kaskazini, ng'ambo ya ikweta. Watoto waliokulia porini majira haya tayari wanazunguka na wakubwa: wanaokota kumbikumbi hewani, wananyakua panzi, wanapanda na hewa ya joto bila kupiga bawa. Wa kwako hawajaanza. Kila juma unalowaweka zaidi kizimbani sasa hivi linatoka kwenye muda wao wa kujifunza.

Kuna ndugu hapo juu aliyependekeza uwatume Goma kwa watu anaowafahamu. Nia yake ni njema, lakini Goma iko zaidi ya kilomita 1,000 kaskazini yetu, na kwa mtoto wa ndege wa safari umbali huo ni jambo zito. Mholanzi mmoja, Perdeck, alichapisha mwaka 1958 matokeo ya kazi ambayo mimi huirudia kila ninapoulizwa swali hili. Ndege aina ya kwezi zaidi ya 11,000 walikamatwa karibu na The Hague, Uholanzi, wakiwa safarini, wakapelekwa Uswisi na kuachiwa huko. Wakubwa waligeuza njia na kuelekea kule walikozoea kukaa majira ya baridi, kaskazini mwa Ufaransa na Uingereza. Watoto waliendelea na uelekeo uleule ambao wangeufuata kama wangeanzia The Hague, wakaishia kusini mwa Ufaransa na Hispania. Mtoto anazaliwa na uelekeo, lakini ramani bado hana. Ukimsogeza, safari yake yote inasogea pamoja naye.

Kabla ya hapo, miaka ya 1930, Mjerumani Ernst Schüz alifanya jambo linalofanana kwa korongo weupe. Aliwachukua wachanga kutoka Prussia ya Mashariki, wakati huo sehemu ya Ujerumani, ambao wazazi wao husafiri kwa njia ya kusini-mashariki, akawapeleka magharibi mwa Ujerumani ambako korongo hupitia Hispania. Walioachiwa baada ya wenyeji kuondoka walishika njia ya damu yao. Walioachiwa wenyeji wakiwa bado wapo, wengi waliwafuata wenyeji. Kwa hiyo kwa ndege wanaosafiri kundi kwa kundi mchana, kama korongo na mwewe, wale atakaowakuta siku ya kufunguliwa ndio watakaomwonyesha njia. Ndiyo sababu nasisitiza wenzake kuliko pori.

Sasa kazi yenyewe. Usianze na ramani, anza na jioni. Saa kumi na moja toka nje ya mji ukaangalie mwewe wanakwenda kulala upande gani. Wanakusanyika kwenye miti mirefu, na chini ya mti wa kulala utakuta vinyesi vyeupe na vibonge vya manyoya na mifupa walivyotapika. Rudi tena jioni nyingine, maana kundi lililopita mara moja tu halikusaidii. Jalalani na penye machinjio utawaona wengi zaidi, na wengi wetu huvutiwa na hapo kwa sababu chakula ni tele. Mimi sipapendi. Pale kuna nyuzi zinazofunga miguu, kuna sumu iliyotegewa panya na mbwa, na kuna watu wengi mno kwa ndege ambaye tayari amezoea mkono wa mtu. Napenda miti ya kulala iliyo pembeni ya mashamba, yenye dembo karibu, yaani bonde la majani lenye majimaji. Upande wa barabara ya Kasenga tumepata mahali pa namna hiyo, na mwewe wetu kadhaa walianzia hapo.

Ukishapata miti, angalia waya. Nguzo yenye transfoma inaua mwewe kimyakimya: anatua, bawa linagusa waya wa pili, basi. Kama mti wa kulala uko karibu na nguzo hizo, tafuta mwingine, hata kama kundi ni kubwa kiasi gani. Halafu angalia maji. Kwetu Katanga mto unaweza kuwa na maji meupe ya kupendeza kumbe umebeba machafu ya kuosha madini. Waulize wakazi kama vyura wanalia usiku na kama watoto bado wanavua samaki wadogo. Wakikwambia vyura walinyamaza, usiache ndege hapo.

Jambo ambalo wengi wanaliruka ni wenye mahali. Mwewe huchukua vifaranga vya kuku, hatuwezi kuficha. Ukimwachia ndege karibu na kijiji bila kuzungumza na mtu, umemtuma kwenye jiwe la manati. Nenda kwa mfumu, yaani chifu wa kijiji, kwanza, keti, eleza ndege hawa wametoka wapi na watakaa muda gani. Waombe akina mama wafunike vifaranga kwa tenga kwa majuma hayo machache, na uwapelekee matenga mwenyewe kama huna uhakika kwamba wanayo. Vijana wa manati wape kazi ya kuangalia. Nimeona mtoto aliyekuwa mwindaji hodari wa ndege akinitumia habari kila jioni kwamba mwewe wetu wamerudi kwenye mti, na alikuwa anaijua mikia yao kuliko mimi. Pitia pia kwa watu wa mazingira na ICCN, taasisi ya Kongo ya kuhifadhi wanyama na mbuga, kabla ya kuhamisha ndege, ili asije mtu akadhani unawafanyia biashara. Na kwa vyovyote usivuke nao mpaka wa Kasumbalesa kutafuta msaada Zambia: mwewe wamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya pori, bila karatasi utapata shida mpakani na wao pia.

Je, wako tayari? Wasogelee kizimbani. Wakikukimbilia wakilia wapewe chakula, bado. Mwewe wa hivyo akifunguliwa atashuka sokoni juu ya beseni la samaki, na mtu atampiga. Kuanzia leo chakula kiingie bila wao kukuona, kupitia tundu la ukutani au bomba, na watoto wa nyumbani wasiwazoee tena. Waache wawili pamoja. Toa nyama iliyochunwa, weka panya mzima na panzi hai.

Kizimba kihamishiwe kwenye mahali palipochaguliwa, wakae humo kama majuma mawili wakiwaona mwewe wengine wakija na kuondoka. Kisha siku moja ya anga safi, kama saa tatu au saa nne asubuhi ardhi ikianza kupata joto, fungua mlango na uondoke. Usiwafukuze watoke. Mvua za kifuku hapa hupiga zaidi mchana na jioni, hivyo asubuhi inawapa saa kadhaa za kujua mazingira. Endelea kuweka chakula juu ya paa la kizimba kwa wakati uleule kila siku. Watarudi, halafu watarudi kwa nadra, halafu chakula kitaoza bila kuguswa, na hapo ndipo unaacha kuweka.

Kuhusu mbayuwayu: hao unaowaita wadogo walizaliwa Ulaya au Asia mwaka jana na wameshavuka Sahara kwa mabawa yao. Hawahitaji kulelewa. Wakaushe, watie kwenye boksi lenye joto na giza, na kama kesho anga ni safi waachie mahali unapoona wenzao wanawinda chini juu ya maji au majani. Ziwa la Kipopo linafaa. Angalia mabawa kwanza: wakiwa huku hubadilisha manyoya ya kurukia, kwa hiyo pengo lililo sawa bawa la kulia na la kushoto ni la kawaida. Pengo la upande mmoja lenye manyoya yaliyokatika ndilo la kukusumbua.

Korongo ni habari nyingine, nalisema hili kwa ajili ya ndugu wa Likasi aliyeuliza pia. Wavuvi wa ziwa Tshangalele walituletea korongo mweupe mchanga mwenye pete mguuni, mguu wa pili umekatwa na waya wa mtego. Alipopona, wenzake walikuwa wameshaondoka. Tulimwachia kandokando ya ziwa hilohilo. Korongo huanza kuzaa akiwa na miaka mitatu hivi au zaidi, na wachanga wengi hubaki Afrika mwaka wao wa kwanza, hivyo kuchelewa hakumwui. Ziwa lile lilitokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, na bonde lote limo katika orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa ardhi oevu, tangu 2017. Maji yakipungua kiangazi, vyura na samaki hubaki kwenye kina kifupi ambako yeye anaweza kusimama. Namba ya pete tuliituma kwa intaneti kwa EURING, shirika la Ulaya linalokusanya habari za ndege waliovishwa pete. Nawe ukikuta pete, soma namba yote na usiing'oe.

Kwa mwewe wako, kuchelewa ni hatari zaidi. Kama hadi katikati ya mwezi wa pili kizimba hakijahamishwa, mimi ningewaweka hadi mwezi wa nane, kwenye kizimba kirefu cha kuwatosha kuruka, mbali na watu, niwafungue wenzao wakirudi. Ni kazi na ni gharama ya nyama, lakini mwezi wa sita na baridi yake si wakati wa kumtupa mwewe asiyejua kuwinda. Piga picha za mabawa na mikia yao uziweke hapa, wakiwa wamekunjuliwa vizuri, tuone kama manyoya yamekamilika. Jumamosi jioni nikiwa huru tunaweza kwenda wote kutazama miti ya upande wa Kasenga, uje na mtu wa nyumbani atakayekuwa anapeleka chakula.