Wiki sita zimeisha, mbona bado inauma?

Msomaji ameniandikia: alifanyiwa operesheni ya kizazi kushuka, akaambiwa asubiri wiki sita. Zimeisha, wamejaribu, ameishia kulia. Sasa mume ananuna.

Dada, wiki sita ni za kidonda kufunga. Zile nyuzi zinazoyeyuka zenyewe, aina inayotumika sana, huchukua wiki 8 hadi 10 kuisha. Kabla ya tendo, daktari apaangalie kwanza.

Maumivu ya mlangoni mara nyingi hutoka ukuta wa nyuma wa uke na msamba, yaani pale kati ya uke na njia ya haja kubwa. Wakati wa operesheni, daktari akiivuta misuli ya pembeni na kuikutanisha katikati, uke hubana na kovu hubaki gumu kama kamba chini ya ngozi. Usikisie, jipime: kata kucha, nawa, paka kilainishi, ingiza kidole kimoja ubonyeze taratibu kuelekea njia ya haja kubwa. Kama ni maumivu yaleyale, umelipata kovu.

Kidonda kikishapona, likande. Jilaze nusu kwa kuegemea mito, ingiza kidole gumba sentimita 2 au 3, bonyeza chini ushikilie nusu dakika huku ukishusha pumzi, kisha sogea kulia na kushoto. Dakika tano kwa siku zinatosha. Yale mazoezi ya kubana misuli ya uke yaache kwanza. Msuli uliojikaza kwa woga unatakiwa kulegezwa, na wengi hufanya kinyume halafu wanashangaa.

Tumieni kilainishi cha maji, kingi kuliko mnavyodhani. Mafuta ya nazi hupasua kondomu. Aliyekoma hedhi amuulize daktari krimu ya estrojeni ya ukeni; kama amewahi kuugua saratani ya matiti, amwambie kwanza kabla ya kuitumia. Kaa juu wewe, ili kina na kasi viwe mikononi mwako. Na shabu ya kubana uke, jamani! Inakausha na kuchubua pale pale palipotoka kushonwa. Mume anayedai "ubane" aambiwe hivyo bila kuzungushwa.

Damu kidogo kila mkikutana huenda ni kinyama chekundu kwenye mshono; daktari hukichoma kwa dakika chache. Homa, uchafu unaonuka au mkojo unaovuja mfululizo, nenda leo.

Wewe ambaye bado hujapasuliwa, mwambie daktari waziwazi kwamba bado unakutana na mumeo, hata kama una miaka 70. Ipo operesheni ya kizazi kushuka inayoziba uke moja kwa moja, na wazee ndio hupewa.