Muulize Fundi: Kabla hujanunua rangi, tafuta maji yanatoka wapi

Masika yameisha na simu yangu imejaa picha za kuta. Wengine mnatuma bila hata salamu, ukuta tu na alama ya kuuliza, nawaelewa, ukiamka ukakuta sebule imeota ukungu salamu unasahau. Mwezi huu nimechukua barua tano, na kwa bahati au kwa makusudi zote mwisho wake ni maji.

*Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa nyumbani Kigamboni, tuna mwaka wa sita tangu tuhamie kwetu. Ukuta wa sebule, ule wa upande wa mbele, rangi inavimba inabanduka kama maganda, ukigusa chini yake kuna unga mweupe. Inaishia kama usawa wa magoti, juu hakuna shida. Tumeshapaka mara tatu, mara ya mwisho fundi akatuambia tupake rangi ya mafuta ndo kiboko, imekaa miezi minne. Sasa fundi mwingine anasema tuweke marumaru ukutani tusahau habari hiyo. Baba watoto ameshakubali, mi roho inasita. Nimekutumia picha tatu.*

Marhaba mama. Hiyo roho inayosita isikilize. Ukiweka marumaru maji hayaondoki, yanakosa tu pa kutokea, kwa hiyo yatapanda mpaka juu ya marumaru na mwakani utaniandikia kwamba sasa iko kiunoni.

Chukua andazi, chovya ncha kwenye chai, usilizamishe lote, ncha tu. Chai inapanda yenyewe. Tofali la simenti linafanya hivyo hivyo, linanyonya unyevu wa ardhini na kuupandisha, unafika mahali unakauka kwa hewa na ndo maana yako imeishia magotini. Maji yakikauka yanaacha chumvi iliyokuwemo kwenye udongo au kwenye mchanga wa kujengea, huo ndo unga mweupe. Chumvi ikiganda inavimba, ikivimba inasukuma rangi. Rangi ya mafuta ilibanduka haraka kwa sababu haipitishi hewa kabisa, yani mlifunga mfuniko kwenye sufuria inayochemka.

Sasa kuna kajaribio ka bure. Kata nailoni futi mbili kwa mbili, ibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne isipitishe hewa, iache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ukuta, maji yamo ndani ya ukuta. Ukikuta upande wa chumba ni mvuke wa humo humo ndani, watu wa bafuni na jikoni wanakutana nayo sana.

Lakini mama, mi jibu nimeshaliona kwenye picha yako ya tatu na wala hukuniuliza. Hayo maua mazuri yameegemea ukuta wa sebule, na udongo wake uko juu kuliko sakafu ya ndani! Chini ya ukuta, juu ya msingi, panatakiwa kuwa na nailoni ya DPC ya kuzuia unyevu usipande. Mkishajaza udongo wa bustani juu ya hiyo nailoni, maji yanaikwepa yanaingia kwa ubavuni, na nina hakika mnamwagilia kila jioni. Kwa hiyo kabla ya kumpa mtu hela ya rangi, hamisha hayo maua yakae angalau mita moja kutoka ukutani, chimba udongo ushuke mpaka sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu, halafu ardhi iinamie nje, sio ndani. Na gata ziwepo, maji ya bati yasidondokee pale pale chini ya ukuta.

Baada ya hapo ndani bandua plasta mpaka nusu mita juu ya pale unyevu ulipoishia. Chumvi ifagie kwa brashi kavu, USIOSHE, ukiosha unairudisha ndani ya tofali. Kisha subiri. Mafundi wa zamani wanahesabu mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene wa ukuta, tofali lako la inchi sita ni miezi sita. Najua hamtasubiri miezi sita na tofali ziko uchi sebuleni na wageni wanakuja, basi angalau malizeni kiangazi hiki chote. Plasta mpya iwe ya mchanga wa mto, simenti ndoo moja kwa mchanga ndoo tano, na mchanga uonje kidogo kwenye ulimi kabla haujashushwa garini, ukiwa na chumvi gari ligeuze. Rangi iwe ya maji. Kama baada ya yote hayo unyevu bado unapanda, basi nailoni haikuwekwa wakati wa ujenzi, hapo kuna dawa inayoingizwa kwa kutoboa matundu chini ya ukuta, inafanya kazi ila ina gharama, ndo maana naiweka mwisho.

Baba watoto mwambie hela ya marumaru imepona.

*Fundi habari. Bati langu linavuja ila sio kila mvua. Vuli yote kavu kabisa, masika mvua ikija na upepo linavuja chumba cha watoto. Fundi kapanda mara mbili haoni tundu. Niko Tabata.*

Haoni kwa sababu tundu halipo. Bati zako zimelaliana vibaya. Mdomo wa bati la juu unatakiwa uupe upepo wa mvua mgongo, wako naona umeelekea kusi, kwa hiyo upepo wa masika unasukuma maji yanaingia chini ya bati la juu, vuli upepo unatoka kwingine ndo maana unalala vizuri. Fundi aingie darini mchana, azime taa atulie kidogo, mwanga utamwonyesha panapoachia. Asitafute juu ya lile doa la dari tu, maji yanatembea kwenye papi, zile mbao zinazobeba bati, hata mita mbili ndo yanadondoka. Pale palipolaliana atie utepe wa lami katikati ya bati mbili abane upya, na misumari yote iwe kwenye mgongo wa bati, ukikuta iliyopigwa bondeni hiyo nayo inavujisha. Na asipande bati likiwa bichi tafadhali.

*Assalaam alaykum. Nyumba yetu iko Malindi, Mji Mkongwe, ya marehemu babu, ukuta wa mawe unene wake kama mkono mzima. Miaka miwili nyuma plasta ya zamani ilikuwa inamung'unyuka tukaamua kupiga plasta ya simenti nje na ndani ili iwe imara. Sasa simenti inaachia vipande vikubwa vikubwa, na ndani pamekuwa na unyevu kuliko mwanzo. Tumekosea wapi? Fundi anasema simenti ilikuwa kidogo tuongeze.*

Wa alaykum salaam warahmatullah. Msiongeze! Simenti ndo ugonjwa wenyewe.

Nyumba za Mji Mkongwe, na za Lamu vilevile, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa na udongo, ni ukuta unaovuta unyevu na kuutoa, mchana unakauka usiku unavuta, umekaa hivyo miaka mia na zaidi. Chokaa ni laini, ukuta ukitikisika kidogo nayo inafuata. Simenti ni ngumu kuliko jiwe lililo nyuma yake na haitoi unyevu, kwa hiyo maji yakishaingia, na yataingia tu kupitia ufa au kutoka chini, yanakaa humo. Yanalainisha ule udongo wa katikati ya mawe, na kibaya zaidi yanafika kwenye vichwa vya boriti za mikoko palipoingia ukutani, na boriti ikioza kichwa ghorofa inashuka. Kwa hiyo kabla ya yote kachungulieni boriti, chomeni kichwa kwa bisibisi, ikizama kama kwenye ndizi hameni chumba hicho leo hii, simaanishi kesho.

Simenti itolewe kwa tindo na nyundo ndogo, taratibu, msikubali mashine, mashine inaondoka na jiwe. Mwanzo wa kazi ni pale inapoachia yenyewe. Ukuta uachwe ukauke. Halafu plasta ya chokaa, chokaa moja mchanga tatu, chokaa iliyorowekwa ikakaa wiki kadhaa sio iliyorowekwa asubuhi ikapigwa mchana. Kila koti lisizidi sentimita moja, na linyunyiziwe maji siku za mwanzo lisikauke haraka maana chokaa haipendi haraka. Macho myalinde, chokaa mbichi inaunguza. Juu yake pakeni chokaa nyepesi makoti kadhaa, hiyo rangi ya plastiki ya dukani wekeni pembeni. Na mpite Mamlaka ya Mji Mkongwe mpate kibali kabla hamjaanza, mji uko kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 2000 na ukuta wa nje sio wenu peke yenu, halafu pale ndo mtaulizia mafundi wanaojua chokaa, ambao siku hizi ni wachache na wengi wao wazee. Ile plasta ya babu "ikimung'unyuka" ilikuwa inafanya kazi yake jamani, inakufa yenyewe ili jiwe lipone, mnaipaka upya baada ya miaka na maisha yanaendelea.

*Mambo vp fundi, hii sio ya ujenzi ila nyie mnajibu na bustani. Niko Mbagala nimepanga, nalima nyanya kwenye ndoo za lita 20 barazani, zinazaa vizuri lkn nyanya ikianza kukua kitako kinakuwa cheusi kinazama kinaoza. Nimepiga dawa ya ukungu mara nne. Maji natumia ya kisima yana chumvi kidogo. Nyanya nazitupa tu inauma sana.*

Poa kabisa mdogo wangu. Dawa weka chini, huo sio ukungu wala mdudu. Nyanya imekosa madini ya chokaa kwenye tunda, na mara nyingi yamo kwenye udongo ila hayafiki, kwa sababu yanasafiri na maji na wewe maji unatoa kwa kuruka, leo ndoo inafurika, kesho kutwa imekauka mpaka majani yamelala, ndo unakumbuka. Nimekuona. Mwagilia kila asubuhi kiasi kile kile, jua likiwa kali sana ongeza jioni, juu ya udongo weka majani makavu ama pumba unyevu usikimbie, na matundu ya chini ya ndoo yawepo. Mbolea ya kukuzia punguza, mmea ukikimbilia majani tunda linanyimwa. Nyanya zilizoharibika hazitapona, zichume tu, zitakazokuja zitakuwa safi. Maganda ya mayai mnayoambiwana huko yanaoza polepole mno, yatafaa msimu ujao, sio hizi.

Hiyo chumvi ya kisima nayo inachangia, inaufanya mmea ushindwe kunywa hata kama udongo umelowa. Kinga maji ya bati, hesabu yake rahisi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Hata ukipewa na mwenye nyumba kakipande ka bati ka mita 10 za mraba, mvua ya milimita 20 ni kama lita 200, toa kidogo za kupotea, ni pipa zima. Mara moja moja mimina maji hayo ya mvua mengi mpaka yatoke chini, yanaondoka na chumvi.

*Fundi, mimi ni yule wa Shinyanga wa ufa. Toleo lililopita uliniambia nichore penseli kwenye ncha za ufa niandike na tarehe nione kama unatembea. Nikachora vizuri kabisa. Mama watoto amefanya usafi wa Eid kafuta zote. Ninachojua ni kwamba kiangazi ufa unaingiza kidole, masika unajifunga wenyewe. Sasa nifanyeje?*

Hahaha, pole sana mzee wangu, kosa langu, ningesema umshirikishe. Chora upya leo, piga na picha ukiweka rula pembeni, picha haifutiki kwa kitambaa. Ila umenieleza sasa kitu ambacho mwanzo hukunieleza, kwamba kiangazi unaingiza kidole na masika unajifunga wenyewe. Huo ni udongo mweusi wa mbuga, ukilowa unavimba ukikauka unasinyaa, nyumba inapanda na kushuka nao. Usiuzibe kwa simenti, ukijifunga masika utakuta umepata ufa mwingine pembeni. Zungusha nyumba zege la upana wa mita moja linaloinamia nje, ili udongo wa chini ya msingi usilowe na kukauka kwa fujo, na ule mwarobaini ulioko hatua tatu kutoka dirishani unakunywa maji yote ya upande huo kiangazi, mimi ningeukata matawi kwanza nione. Nitumie picha mbili, moja Septemba na moja Januari, ndo tutajua kama ni wa kuziba au wa kumwita injinia. Na safari hii mama watoto ndo ashike rula.