Msomaji Auliza: Vidole Vyangu Hukimbilia Kulekule

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni mpiga gitaa la solo katika bendi moja ya hapa Morogoro, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 11. Nilianza kwa kuziigiza nyimbo za Mbaraka Mwinshehe redioni, kisha nikafuata zile za Kikongo. Siku hizi, kila inapofika zamu yangu, vidole hukimbilia kulekule vilikozoea kabla sijafikiri chochote, na mpiga besi wetu hunitania kwamba anaweza kuiimba solo yangu kabla sijaipiga. Nimejaribu kuwatazama kwenye intaneti wapiga gitaa wa jazi, wa bluzi na wa flamenko, ule muziki wa Hispania. Nimetoka na vipande kama 20 nilivyovikariri, ila hakuna hata kimoja kinachokaa ndani ya nyimbo zetu. Je, nimsikilize nani, na nichukue nini kwake bila kujipoteza?
Mpiga solo, Morogoro

JIBU: Ndugu yangu, utani wa mpiga besi wenu usikuudhi, kwa sababu amekuonyesha bila malipo mahali hasa palipo na tatizo. Vidole vina kumbukumbu yao, na kumbukumbu hiyo haijali kama mwenye vidole ana jambo jipya la kusema. Ulipowaendea watu wa jazi na flamenko ukarudi na vipande 20 vya kukariri, uliviongezea vidole mazoea mengine 20, tena mazoea yaliyozaliwa ndani ya nyimbo zenye mapigo tofauti na yenu. Ndiyo maana hayakai. Ushauri wangu ni kwamba unapompata mpigaji anayekuvutia, usiishie kwenye mikono yake, bali utafute yeye mwenyewe alikuwa akisikiliza nini, kwa kuwa wengi kati ya waliolibadilisha gitaa walikuwa na kitu kingine masikioni mwao ambacho hakikuwa gitaa.

Anza karibu na nyumbani. Daniel Owino Misiani wa bendi ya Shirati Jazz alizaliwa mwaka 1940 huko Shirati, upande wa Tanzania wa Ziwa Viktoria, akajulikana Kenya kwa benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo. Mtu akilisikiliza gitaa la solo la benga peke yake anaweza kudhani kwamba kinachotakiwa ni kasi tu. Lakini lisikilize baada ya kusikiliza nyatiti, ile ala ya Wajaluo yenye nyuzi 8, ambayo mpigaji wake huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye ukingo wa ala huku akiimba. Hapo utatambua kwamba mwimbaji anasema mstari, nyuzi zinamjibu kwa mstari uleule, na ile mirindimo ya besi inayorukaruka inafanya kazi ya mguu.

Kwa Wakongo mambo yalikwenda vivyo hivyo. Kuanzia mwaka 1933 sahani za santuri za muziki wa Kikuba, zile zilizojulikana kwa herufi G.V., zilianza kuuzwa Afrika, na wapigaji wa Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, wakazipenda mno. Yale ambayo piano na tarumbeta zilikuwa zikiyapiga Kuba yakahamishiwa kwenye nyuzi za gitaa. Kwa hiyo unapoiga solo ya Nico Kasanda, mpiga gitaa wa bendi ya African Jazz, huenda unaiga, bila kujua, mkono wa mpiga piano wa Havana, ambaye naye muziki wake una mizizi huku kwetu Afrika. Irudie piano hiyo mwenyewe, uisikilize mkono wa kulia unavyorudia fungu fupi la sauti na kulisogeza kidogo tu, nawe utapata mambo ambayo Nico hakuyachukua.

Kule Marekani, mpiga gitaa wa jazi Charlie Christian, aliyefariki mwaka 1942 akiwa na umri wa miaka 25 tu, alisikiliza sana saksafoni ya Lester Young. Mpuliza saksafoni hana budi kuvuta pumzi, lakini mpiga gitaa anaweza kupiga tangu magharibi hadi alfajiri bila kupumua, na hilo ndilo linalotuponza. Mpiga gitaa wa bluzi B.B. King alimhusudu binamu yake Bukka White, aliyekuwa akitelezesha chuma juu ya nyuzi. King alijaribu ufundi huo ukamshinda, akabaki kukitikisa kidole chake juu ya uzi ili apate mlio unaokaribia ule, na mtikisiko huo ndio uliomtambulisha duniani. Tena alikuwa hawezi kuimba na kupiga kwa wakati mmoja, hivyo gitaa lake likawa linapokea pale sauti yake ilipoachia. Mwenyewe alimtaja Django Reinhardt, mtu wa jazi ya Ufaransa, miongoni mwa wapigaji aliowapenda, ingawa ukimsikiliza King hutasikia kipande hata kimoja cha Django.

Sasa fanya hivi. Chagua wimbo mmoja wa bendi yenu, ule ambao ungeweza kuupiga hata ukiamshwa usiku wa manane. Liweke gitaa chini, uwashe kinasa sauti cha simu, uimbe solo kwa mdomo, na kila pumzi inapokwisha unyamaze. Usijali sauti yako ikikwaruza, maana hakuna atakayeisikia. Kesho yake sikiliza ulichokiimba na ukitafute kwenye gitaa sauti kwa sauti, pamoja na vile vituo vya kuvuta pumzi. Utaona kwamba baadhi ya sauti ziko mahali ambapo vidole vyako havijawahi kwenda, kwa sababu mdomo haujui njia za mkono. Nimelifanya zoezi hili kwa miaka mingi na bado hunitoa jasho.

Huyo Django naye anastahili kituo. Alizaliwa Ubelgiji mwaka 1910, na mwaka 1928 moto uliteketeza gari la kukokotwa alilokuwa akiishi, ukauharibu mkono wake wa kushoto hata kidole cha pete na kidole cha mwisho vikapinda na kukakamaa. Alipopona alizipiga solo zake kwa vidole viwili vilivyosalia, na vile vilivyokakamaa akavitumia pale vilipoweza kusaidia katika kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja (naam, wapigaji tunaziita hivyo, wala hazihusiani na mamlaka ya mapato). Kwa kuwa hakuweza kutandaza mkono, alikimbia kwa urefu wa shingo ya gitaa, na kukimbia huko kukawa sauti ambayo wenye vidole vinne wanaihangaikia hadi leo. Wewe huhitaji ajali. Kwa wiki moja jinyime kitu: piga solo zako kwa vidole viwili, au kwa uzi wa pili na wa tatu pekee. Vidole vikikuta njia yao ya kila siku imefungwa, itabidi masikio yaongoze.

Kuhusu nani wa kumsikiliza, chagua mmoja kwa mwezi mzima, usimchanganye na mwingine. Ali Farka Touré wa Mali alipiga njarka, fidla ya uzi mmoja, kabla ya gitaa, na umaskini huo wa nyuzi unasikika katika kila alichokipiga baadaye. Paco de Lucía, yule mpiga gitaa wa flamenko, usimwanzie kwenye kasi. Mimi nilimwanzia huko, nikatumia miezi mitatu kujifunza ule mchapo wa vidole vyote, nikavunja kucha zangu zote, na siku nilipouingiza kwenye rumba kiongozi wa bendi yetu aliniuliza kama nimevamiwa na nyuki. Msikilize anapomsindikiza mwimbaji Camarón de la Isla, uhesabu mara ambazo anaacha kupiga.

SWALI: Je, kuchukua kipande cha mpigaji mwingine na kukitia kwenye wimbo wangu si wizi?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Mbinu haina mwenyewe, utungo unaye. Kutikisa kidole kama King au kujinyima vidole kama Django hakumdai mtu ruhusa. Lakini ukichukua mwendo wa sauti ambao msikilizaji akiusikia anautaja mara moja wimbo wa mtu fulani, ukaurekodi kama wako, hapo umeingia kwenye hakimiliki, na kuubadilisha mapigo hakukuokoi.

SWALI: Mimi ni mwanamke ninayepiga gitaa kavu kanisani na nyumbani. Nilifundishwa kutumia kipleki, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi, lakini naishi chumba cha kupanga, kuta ni nyembamba, na jirani hulalamika kila jioni. Je, wako wapigaji wakubwa wa kidole ambao ningeweza kujifunza kwao?
Dada wa Mombasa

JIBU: Dada yangu, wako, na mmoja wao aliimba kwa lugha yako. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, huko Kongo, alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi siku hizi, akiwa na gitaa kavu na vidole viwili tu vya mkono wa kulia: gumba na shahada. Gumba hupiga nyuzi nene kwa mwendo usiobadilika, na shahada huokota wimbo kwenye nyuzi nyembamba, mara pamoja na gumba, mara katikati ya mapigo yake. Anza na gumba peke yake hadi uweze kuzungumza na mtu huku linaendelea. Kisha muingize shahada kwa sauti moja tu, na ukiona gumba limeyumba, muondoe uanze tena. Wengi hukimbilia wimbo kabla gumba halijatulia, wakabaki na vidole viwili vinavyogombana.

Wa pili ana kesi kama yako kabisa. Wes Montgomery, mpiga gitaa wa jazi wa Indianapolis, Marekani, alikuwa akifanya kazi kiwandani mchana na kufanya mazoezi usiku. Aliacha kipleki akapiga kwa nyama ya gumba ili asiwasumbue watu wa nyumbani na majirani, na mlio huo mzito na laini hakuuacha tena hadi alipofariki mwaka 1968. Alipenda kupiga sauti moja mahali pawili kwa pamoja, ya chini na ya juu. Weka shahada ya mkono wa kushoto kwenye uzi wa sita, ule mnene kuliko yote, na kidole cha pete kwenye uzi wa nne, freti mbili (vile vyuma vya shingo ya gitaa) mbele yake, kisha ulaze shahada kidogo ili ubavu wake uuguse uzi wa tano na kuunyamazisha. Pitisha gumba la kulia juu ya nyuzi zote tatu. Ukisikia mkwaruzo katikati, shahada yako imesimama wima mno. Jaribu kwa wimbo wa tenzi mnaouimba polepole, na utakapokuwa tayari, muulize jirani kama amesikia kitu.