Usipige 777: jua kwanza skripti inaendeshwa na akaunti gani

Mkuu, umesema skripti yako ya PHP inagoma kuhifadhi picha kwenye folda ya uploads, na umeshauriwa upige `chmod -R 777` kwenye tovuti nzima, yaani umruhusu kila mtu kwenye seva kusoma, kuandika na kuendesha kila faili. Tafadhali usifanye hivyo. Picha zitaingia, ndiyo, lakini mvamizi akipata upenyo kwenye skripti moja tu ataweza kubadilisha msimbo wote. Nimesafisha tovuti za wateja zilizovamiwa kwa njia hiyo. Kuzisafisha ni kazi ya kuchosha mno.

Faili ulizipandisha wewe, tuseme kwa akaunti ya juma, lakini anayeendesha skripti si juma. Kwenye Debian na Ubuntu kwa kawaida ni www-data. Kwenye Red Hat na ndugu zake ni apache. Hakikisha kwa `ps aux | grep -E 'apache|httpd|php-fpm'`. Usidanganywe na mstari wa root (akaunti kuu ya mfumo): huyo ni mchakato mzazi, wewe tazama watoto wake.

Mimi hupanga hivi: `chown -R juma:www-data` (mmiliki juma, kundi www-data) kwa tovuti nzima, folda 750, faili 640. Yaani juma anaandika, seva inasoma, wengine hawagusi. Uploads peke yake ndiyo ninaipa 2770. Ile 2 ya mbele hufanya faili mpya zirithi kundi la folda. Kisha ndani ya usanidi wa seva ninazuia PHP isiendeshwe humo kabisa.

Ikiwa bado inagoma, kagua njia nzima kwa `namei -l`, inayoonyesha ruhusa za kila folda ya njiani. Seva inahitaji x (ruhusa ya kupita) kwenye kila folda ya juu. Tangu Ubuntu 21.04, folda za nyumbani za akaunti mpya huwa 750, kwa hiyo tovuti iliyo chini ya /home haifikiki hata ruhusa za ndani zikiwa sawa. Mimi ningeihamishia /var/www. Kwenye Red Hat, angalia SELinux (ulinzi wa ziada wa Linux) pia: uploads inataka lebo ya httpd_sys_rw_content_t.

Kama una tovuti za wateja mbalimbali kwenye seva moja, kila moja ipe akaunti yake na pool yake ya PHP-FPM (michakato ya PHP inayoendeshwa kwa akaunti hiyo), la sivyo tovuti ya huyu itasoma nywila za hifadhidata ya yule. Na ukitumia CGI (seva kuendesha skripti kama programu ya pembeni) kupitia suEXEC ya Apache, inayoendesha skripti kwa akaunti ya mwenye tovuti, 777 haitakusaidia hata kidogo: suEXEC hukataa skripti yoyote ambayo kundi au wengine wanaweza kuiandika.

Tuwekee hapa matokeo ya namei tuone.