Punguza Moto: Ushauri Wangu kwa Anayetaka Kukeneka Mafuta ya Mimea

Majibu ya maabara yalifika juma lililopita, na nimeyasoma hadi karatasi imelegea kwenye mikunjo. Mafuta yangu ya lavenda, niliyoyakeneka mwenyewe, yaani kuyatoa kwenye mmea kwa mvuke kisha kuupoza, yamepita. Linalili asetati, kemikali inayoipa lavenda ule utamu wake laini, imo kwa kiwango ambacho wanunuzi wanakitaka, na hakuna dalili ya kuchanganywa na kitu kingine. Nina furaha, sifichi. Lakini kuna uchungu ambao haujaniisha, na ndio ulionisukuma kuandika.

Nilianza kwa kulipia mafunzo. Mkufunzi alituonyesha kuloweka majani makavu kwenye mafuta ya kupikia, akayaweka juani, akayachuja, kisha akatuambia kwamba hayo ndiyo yale mafuta ya kunukia yanayouzwa kwenye vichupa vidogo. Nilipouliza habari ya mvuke, alinijibu mbele ya wenzangu kwamba mitambo ni ya wenye viwanda, mimi niloweke tu. Watu wakacheka. Nilinyamaza, lakini neno lile lilinikaa moyoni miaka yote hii.

Mafuta ya kuloweka yana kazi yake, na ngozi huyapenda. Ila kuyauza kwa jina la mafuta ya kunukia ni kumdhulumu mnunuzi. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe uliache. Mafuta ya kupikia yataacha doa lenye ung'avu, na kesho utalikuta palepale. Mafuta ya kunukia yaliyo mepesi, kama ya limau au mkaratusi, yataruka na kuacha karatasi karibu safi.

Mmea huyatengeneza mafuta haya wenyewe na kuyahifadhi kwenye vifuko vidogo sana. Kwa nanaa, vifuko viko juu ya jani, na ukitazama kwa lenzi ya kukuzia unaviona vikimeta kama umande. Kwa mkaratusi vimezama ndani ya jani. Vetiva, ambayo ni aina ya nyasi, mafuta yake yako kwenye mizizi, ndiyo maana huchukua saa nyingi mno, wakati nanaa haikawii. Kazi yako ni kuyatoa bila kuyaharibu.

Na mvuke ndio unaoyatoa. Yujenoli, kemikali kuu ya karafuu, ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi kama 254 za Selsiasi. Ungeipasha hivyo karafuu ingeungua. Lakini mafuta na maji havichanganyiki, kila kimoja husukuma mvuke wake, na misukumo ile miwili ikijumlishwa hufikia kanieneo ya hewa, yaani msukumo wa hewa inayotuzunguka, kabla ya nyuzi 100, na hapo vyote huchemka. Hivyo mafuta husafiri na mvuke, hupita kwenye bomba linalopozwa kwa maji baridi, na kuanguka upande wa pili yakiwa kimiminika. Nilipolielewa hili, yule mkufunzi alipungua sana machoni pangu.

Basi punguza moto. Lavenda ikipikwa kwa pupa au ikakaa muda mrefu ndani ya maji yanayochemka, linalili asetati huvunjika, ikabaki linaloli, kemikali nyingine ya harufu, pamoja na asidi ileile ya siki. Mimi huweka maua juu ya chekecheo, maji yakiwa chini yasiyaguse, na moto wa wastani. Kwenye chupa ya kutenganishia, inayopokea maji na mafuta kutoka kwenye bomba, huanza kuonekana utando mwembamba, halafu unanenepa polepole juu ya maji, rangi ya manjano hafifu. Hapo ndipo wengi huongeza moto ili yaje haraka. Usiongeze. Bomba la kupozea likiwa la moto hadi mwisho, mvuke unatoroka na mafuta yako. Punguza moto! Tena hakikisha bomba halijaziba hata kidogo, kwa sababu mvuke uliokosa njia hupasua chungu na kuua mtu.

Karafuu itakushangaza, maana mafuta yake ni mazito kuliko maji na huzama. Nimeona watu wakiengua juu, hawapati kitu, wanamwaga yote. Yaliyomwagwa ndiyo mafuta.

Waridi nalo lina desturi yake. Petali zikirundikwa kwenye chekecheo hushikana, mvuke ukatoboa njia moja na kuziacha nyingine, kwa hiyo waridi huchemshwa ndani ya maji yenyewe. Linahitaji kilo elfu kadhaa za petali kwa kilo moja ya mafuta. Anayeanza asianze na waridi, tafadhali. Aanze na karafuu kavu, ambayo inaweza kutoa zaidi ya asilimia 15 ya uzito wake, au mchaichai, ambao hutoa kidogo lakini hauna ugumu. Na maji yaliyotoka pamoja na mafuta kwenye bomba usiyamwage. Sehemu ya harufu ya waridi huyeyuka ndani ya maji, na ndiyo marashi ya mawaridi.

Yasmini usiipeleke kwenye mvuke kabisa, joto huiharibu. Watu wa mji wa Grasse, Ufaransa, waliyatandaza maua yake juu ya mafuta mgando yaliyopakwa kwenye vioo, maana yasmini huendelea kutoa harufu hata baada ya kuchumwa. Siku hizi hutumika zaidi viyeyusho, yaani vimiminika vinavyoyeyusha harufu na kuitoa kwenye ua, kama heksani, na hiyo ni kazi ya watu wenye vifaa na ujuzi wake, kwa kuwa heksani hushika moto upesi.

Ndugu zangu, acheni haraka, na acheni kuchanganya ili chupa ijae. Mnunuzi akipeleka mafuta yako kwenye mashine ya kromatografia, inayotenganisha kemikali zilizomo moja moja, ulichotia kinaweza kujitokeza kwenye karatasi.

Halafu lebo. Andika jina la mmea, sehemu uliyotumia, tarehe na njia uliyotolea mafuta, kisha utie kwenye chupa nyeusi ujaze hadi karibu na shingo, maana hewa na mwanga huyachachisha. Njia hasa isikose. Mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa kutoka kwenye maganda yana furokumarini, na mtu akiyapaka kisha akatoka juani ngozi yake inaweza kuungua. Yaliyokenekwa kwa mvuke karibu hayana kabisa, ilhali kichupa ni kilekile na jina ni lilelile la ndimu.