Dirisha la Kufunguka

Wiki hii mmeuliza ni starehe gani ndogo ya safari ambayo msomaji hakubali kuibadilisha na kitu kingine. Yangu ni dirisha la treni linalofunguka. Nazungumzia treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, daraja la pili, kiti cha kando.

Ukitoka Dar es Salaam mchana, joto la Pwani linakusindikiza hadi ndani ya Hifadhi ya Nyerere, ambako abiria wote huhamia upande mmoja kuonyeshana twiga. Usiku ni bonde la Kilombero, hewa nzito yenye harufu ya majani mabichi. Halafu treni inaanza kupanda kutoka Mlimba kwenda Makambako. Baridi inaingia kidogo kidogo na moshi wa kuni, na watu wanaanza kutafuta masweta gizani.

Kipande hicho ndicho kilichowatoa jasho wajenzi. Milima, mabonde, mahandaki; Daraja la Mto Mpanga pekee limesimama juu ya nguzo tatu zenye urefu wa mita 50. Treni ikichelewa, na huchelewa kweli, utalivuka kukiwa kumekucha, na mimi huwa nashukuru. Reli nzima, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, ili shaba ya Zambia ifike baharini bila kupita mikononi mwa walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Wachina zaidi ya 60 walifia kwenye kazi ile, na wengi wao wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam.

Nirudi dirishani. Makambako, asubuhi, mama mmoja aliniinulia beseni la viazi vya kuchemsha. "Chukua baba, bado vya moto." Nikampa elfu mbili, na kabla hajapata chenji treni ikashtuka na kuondoka. Akakimbia sambamba na behewa, beseni kiunoni, mpaka akanitia sarafu ya mia tano kiganjani. Viazi vilikuwa na chumvi ya mawe, vinaunguza vidole. Sijala kifungua kinywa kitamu kuliko kile.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: Tanzania ina reli za upana wa aina tatu, yaani nafasi kati ya vyuma viwili. Reli ya Kati ya tangu enzi za Wajerumani ina milimita 1,000. TAZARA ina 1,067, ili iungane na reli za Zambia na nchi za kusini yake. SGR, reli mpya ya treni za umeme, ina 1,435. Hizo milimita 67 kati ya mbili za kwanza zinatosha kulizuia behewa, ndiyo maana Kidatu, zinapokutana, mzigo hushushwa na kupakiwa upya.

SGR nimeipanda hadi Dodoma na mwendo wake ni fahari yetu sote. Lakini abiria anafika bila kunusa Morogoro wala kununua hata ndizi moja njiani. Septemba 2024, huko Beijing, ilisainiwa hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA, nami nimefurahi sana, maana mabehewa yamechoka. Ombi langu kwa watakaoagiza mapya ni moja: daraja la kwanza wakitaka waweke viyoyozi, ila la pili na la tatu watuachie madirisha ya kufunguka, na treni isimame Makambako muda wa kutosha akina mama wauze.