Flashi ya miksa si albamu ya laivu, na masteringi haitaigeuza iwe

SWALI: Fundi, shikamoo. Ninasimamia mwimbaji mmoja hapa Kisumu. Dada huyu haimbi mtindo mmoja: ataanza na benga, aingie injili, ashuke kwenye rumba, kisha aimbe peke yake na nyatiti, chombo cha nyuzi cha Waluo. Mwezi uliopita alifanya shoo ya saa moja na nusu katika ukumbi wa hoteli, na watu hawakukaa vitini. Aliyeshika mitambo alitupa flashi yenye rekodi iliyotoka moja kwa moja kwenye miksa, yaani mashine ya kuchanganya sauti. Tulipoisikiliza nyumbani, sauti ya dada iko juu mno, ngoma ziko mbali, gitaa la solo halisikiki, na ni kama hapakuwa na watu. Prodyuza mmoja anasema tumlipe afanye masteringi, halafu programu ya akili unde itenganishe vyombo na albamu itoke. Tumlipe?

JIBU: Marahaba. Msimlipe.

Flashi za namna hiyo huletwa kwangu kila mara, na karibu kila anayeileta ameshaambiwa neno hilo hilo, masteringi, kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa. Aliyeshika mitambo usiku ule hakukosea. Katika ukumbi wa hoteli, ngoma hazihitaji spika: mpigaji akigonga, mtu wa mstari wa mwisho anasikia. Gitaa la solo nalo lina spika yake jukwaani. Kwa hiyo kazi ya fundi ni kuongeza kile tu kinachopungua, yaani sauti ya mwimbaji, kinanda, nyatiti. Mlichopewa kwenye flashi ndicho hicho alichoongeza. Nusu nyingine ya muziki ilisafiri hewani kutoka jukwaani hadi masikioni mwa watu, na haikupita kwenye miksa hata kidogo, au ilipita kidogo sana.

Sasa masteringi inafanya nini? Inachukua chaneli mbili, kushoto na kulia, ambamo kila kitu kimeshachanganywa, na kuzirekebisha kwa pamoja. Ukiinua sauti za juu ili matoazi yasikike, unainua pia kila "s" anayoitamka dada hadi itoboe masikio. Ukiinua besi, unainua mtikisiko wa jukwaa ulioingia kwenye maiki yake. Uji ukishakorogwa, huwezi kuutoa unga wa wimbi ukaacha wa mhogo.

Kuhusu akili unde, programu za kutenganisha vyombo zipo kweli, na zinafanya kazi nzuri kwenye wimbo wa studio ambamo kila chombo kimerekodiwa sawasawa. Lakini haziwezi kurudisha kisichoingia. Ngoma mnazozisikia kwenye flashi, nyingi zimeingia kupitia maiki ya mwimbaji, kutoka hatua kadhaa nyuma yake. Programu itazing'oa hapo, na ukizipandisha zitasikika kama zinapigwa chini ya maji. Anayewaahidi zaidi ya hapo ama hajawahi kujaribu, ama anajua na anataka pesa zenu.

Na kwa mwimbaji wa mitindo mingi tatizo linakuwa kubwa zaidi. Bendi ya mtindo mmoja fundi akishaipanga, anaweza kuiacha ilivyo karibu usiku mzima. Lakini mtu anayenong'ona kwenye wimbo wa taratibu, kisha dakika tano baadaye anapaza sauti ya injili juu ya ngoma za ohangla, mtindo wa Waluo, anamlazimu fundi kupandisha na kushusha usiku kucha, na mapandisho yote hayo yamegandishwa ndani ya faili lenu. Nyatiti nayo ina mambo yake. Nyuzi nane, njuga za mguuni, na pete ya chuma ya kidole cha mguu inayogonga mwili wa chombo. Ili spika zisipige mluzi, fundi hukata sauti za katikati, na ukumbini hakuna anayelalamika kwa sababu chombo chenyewe kinasikika. Kwenye rekodi kinabaki kama waya unaokwaruzwa.

Kuna cha kuokoa, hata hivyo. Zitafuteni nyimbo ambazo dada aliimba na chombo kimoja au viwili tu. Hizo huwa nzuri kwenye flashi, kwa sababu kila kitu kililazimika kupita kwenye miksa. Mkipata tatu au nne, mna EP, yaani albamu fupi, ya heshima. Halafu kusanyeni video za waliokuwepo, hasa kama kuna kamera iliyosimama katikati ya ukumbi: humo mna ngoma, gitaa na watu. Sauti ile inaweza kuchanganywa kidogo na ya miksa, lakini lazima ilinganishwe kwa mkono, wimbo kwa wimbo. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kamera iliyokaa mita 20 kutoka jukwaani imechelewa kama milisekunde 58. Tena saa za ndani za vifaa viwili hazilingani: tofauti ya sehemu 50 tu kwa milioni inafika sekunde 0.18 ndani ya saa moja, na sikio linaikamata mapema kuliko hapo.

Mambo ya kulinganisha si madogo. Januari 1972 Aretha Franklin, mwimbaji wa soul, alirudi kwenye injili na kurekodi kwa usiku mbili katika kanisa la New Temple Missionary Baptist mjini Los Angeles. Albamu, Amazing Grace, ilitoka mwaka uleule. Filamu iliyopigwa usiku huohuo na Sydney Pollack ilikwama, kwa kuwa picha hazikuwekewa alama ya kuzioanisha na sauti, na watu waliiona kwa mara ya kwanza 2018, mwaka ambao Aretha mwenyewe alifariki. Studio kubwa ya filamu, pesa zipo, na bado jambo dogo lililosahaulika usiku ule likawashinda kwa miongo.

Kwa shoo ijayo, basi, mkubaliane na mwenye mitambo kabla ya kulipa amana. Miksa nyingi za kidijitali zinazokodishwa hapa Kisumu, Nakuru na Eldoret zinaweza kutoa kila maiki kwenye treki yake hadi kwenye kompyuta au kadi. Ombeni sauti ichukuliwe kabla ya vidhibiti na ikwalaiza (kipandisha na kishusha besi na sauti za juu), ili mambo anayohangaika nayo fundi ukumbini yasiguse rekodi. Chaneli 24 kwa ubora wa biti 24 na kilohezi 48 ni takriban gigabaiti 12.4 kwa saa, kwa hiyo msije na flashi ya gigabaiti 8. Vilele vya sauti viishie karibu na desibeli 12 chini ya kikomo, kwani dada akiingia injili atapanda, na sauti iliyopasuka haishoneki. Ngoma ziwekewe maiki hata kama ukumbi hauzihitaji. Maiki mbili zitazame watu kutoka ukingo wa jukwaa, kushoto na kulia. Kompyuta ikae kwenye UPS, yaani betri ya akiba, maana umeme ukikatika katikati ya wimbo faili huenda lisifunguke tena. Na nakala ya pili itengenezwe kabla nyaya hazijakunjwa.

Ninayoyasema hapa hayamhusu prodyuza wenu peke yake. Siku hizi kuna watu wanauza "albamu ya laivu" kama kifurushi: wananyoosha kila noti kwa programu, wanabandika makofi ya kununua, wanakaza sauti hadi mwisho ili ionekane ina nguvu. Kunyoosha noti kwenye maiki ya laivu kunavuta na matoazi yaliyomo, yanaanza kuyumba. Mbaya zaidi kunaua ule mteremko wa sauti kati ya noti na noti ambao ndio uimbaji wenyewe katika benga na rumba. Kukaza nako ni kazi bure: Spotify huishusha sauti hadi karibu LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), na kilichobaki ni muziki uliobanwa, sasa ukiwa chini kama wengine.

Kuimba upya mstari mmoja studioni kwa sababu maiki ilikatika si dhambi, na wengi hufanya. Kuimba albamu nzima studioni kisha kuinyunyizia kelele za watu ni kuwadanganya wale waliolipa kiingilio usiku ule, na wao ndio wa kwanza kugundua.

Nyimbo za watu wengine alizoimba zinahitaji ruhusa kabla ya kutoka. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, haki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki, kwa hiyo "ni wimbo wa zamani" si jibu.

Kama prodyuza bado anasisitiza, mpeni dakika moja ya wimbo wa bendi nzima, ule wenye ngoma nyingi kuliko zote, aufanyie kazi bila malipo. Usikilizeni kwenye simu, halafu ndani ya gari, kando ya rekodi ya flashi, sauti zikiwa sawa kwa ukubwa. Flashi yenyewe asiondoke nayo, mpeni nakala.